Viwanda vya Magari Visitutungie Kanuni kwa Vitisho

Kila mara wakubwa wa mbio za magari wanapokutana ng'ambo kubadilisha kanuni, husikika wimbo ule ule. Kiwanda fulani hutangaza kwamba kikilazimishwa kufuata kanuni mpya, kitafunga karakana yake ya mashindano na kwenda zake. Magazeti huandika kwa herufi kubwa. Wasimamizi ambao jana walikuwa wakinguruma, leo hulegeza sauti na kuomba mkutano mwingine. Huku kwetu Kakamega, ambako michezo inayotikisa watu ni soka, raga na mapigano ya mafahali, mtu aweza kuuliza mambo hayo yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Kenya ni mwenyeji wa Safari Rally, fedha za umma zimetumika kuirejesha katika ubingwa wa dunia, na kila kanuni inayolegezwa huko Ulaya ili kumtuliza tajiri fulani huamua ni nani hapa nyumbani atakayeweza kushiriki na ni nani atakayebaki kutazama vumbi.

Hoja yangu ni kwamba vitisho hivyo, vikichunguzwa kwa makini, vina uzito mdogo kuliko kelele zake. Aghalabu kiwanda huondoka kwa sababu ya hesabu zake chenyewe, si kwa sababu ya kanuni. Kwa hiyo, anayeipinda kanuni ili amzuie mgeni asiondoke hupoteza mara mbili: kanuni huharibika, na mgeni huondoka vile vile siku yake ikifika.

Hebu tuanze na historia, maana wanafunzi wetu wengi huijua Safari ya Naivasha pekee. Mashindano haya yalianzishwa mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally. Msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio hizi ulipoandaliwa mwaka 1973, Safari ilikuwamo miongoni mwa duru zake. Mwaka huo Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa za muda, na ikabidi kanuni ya kuwatenganisha waliolingana itumike. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Hakuna aliyefunga virago kwa hasira. Mehta aliendelea hadi kuishinda Safari mara tano, zikiwamo nne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982.

Safari ya zama hizo ilikuwa na kanuni zake za pekee. Magari yalikimbia katika barabara za umma, zenye ng'ombe, mabasi na watembea kwa miguu, umbali wa maelfu ya kilometa, na dereva alihesabiwa dakika alizochelewa kufika kituoni. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakafika 7 tena. Timu kubwa za Ulaya zilikuja miaka mingi zikirudi mikono mitupu. Hadi Hannu Mikkola aliposhinda kwa Ford Escort mwaka 1972, hapakuwa na dereva wa kutoka ng'ambo aliyewahi kuwashinda wenyeji. Sisi wavulana wa miaka ya themanini, tuliokuwa tukiyafuatia mashindano haya kwa redio siku za Pasaka na kuyaiga kwa magari ya waya njiani kuelekea mtoni, tuliamini kwamba Safari ndiyo inayowapima wenye viwanda. Haikutupitikia kamwe kwamba wenye viwanda wangekuja kuipima Safari.

Sasa tulitazame tukio ambalo lingeweza kunipinga. Mwaka 1986 magari ya kundi lililoitwa Group B yalikuwa yamepewa nguvu kupita kiasi. Machi mwaka huo, huko Ureno, gari liliwaparamia watazamaji na kuwaua. Mei, huko Corsica, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walitumbukia bondeni, gari likashika moto, wakafa. Shirikisho lililokuwa likisimamia mchezo huo, chini ya Jean-Marie Balestre, likayapiga marufuku magari hayo kuanzia msimu wa 1987. Peugeot, bingwa wa wakati huo, ilikasirika. Jean Todt, aliyekuwa kiongozi wa timu hiyo, alilipeleka shirikisho mahakamani, na Peugeot ikahamia mbio za jangwani za Paris hadi Dakar. Hapa basi kiwanda kiliondoka kwa sababu ya kanuni, na sina haja ya kulificha jambo hilo.

Lakini mbio zilipata hasara gani? Audi, ambayo ilikuwa imejitoa baada ya maafa ya Ureno, ilikuja Kenya mwaka 1987 na gari la kawaida zaidi, Audi 200, ikachukua nafasi ya kwanza na ya pili kwa Mikkola na Walter Röhrl. Lancia iliyazoea masharti mapya upesi na kutwaa ubingwa wa viwanda miaka sita mfululizo. Kanuni ilikuwa ya haki, maana ilihusu uhai wa watu. Aliyeikataa akaenda, na nafasi yake ikajazwa na aliyekuwa tayari kuifuata. Je, Balestre angalitishika, ni familia ngapi zaidi zingalivaa nguo za maombolezo?

Mfano ulio wazi kuliko yote watoka katika mbio za Formula One. Mwaka 2009 Max Mosley, rais wa Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Magari, yaani FIA, alitaka timu ziwekewe kikomo cha matumizi cha pauni milioni 40 kwa mwaka. Timu 8 kati ya 10 zilikataa. Juni mwaka huo zikatangaza kwamba zingeanzisha mashindano yao wenyewe. Ferrari ilikuwa mstari wa mbele, na miongoni mwao walikuwamo BMW na Toyota. Siku chache baadaye wakuu wakapatana jijini Paris. Kikomo kikaondolewa, na Mosley akakubali kutogombea tena. Mtu angedhani kwamba, baada ya ushindi mkubwa namna hiyo, timu zote zingetulia. BMW ilitangaza Julai, hata wino wa mapatano haujakauka, kwamba inajitoa mwishoni mwa msimu. Toyota ikafuata Novemba. Honda ilikuwa imekwisha kuondoka Desemba 2008. Walikuwa wamepewa walichokitaka, nao wakaondoka, kwa sababu uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka na wakurugenzi wao hawakuona tena faida ya kuchoma fedha viwanjani.

Kuna jambo lingine katika kisa hicho ambalo hupenda kuwasimulia wanafunzi. Timu iliyotelekezwa na Honda ilichukuliwa na kiongozi wake, Ross Brawn, ikapewa jina lake, na mwaka huo huo wa 2009 ikatwaa ubingwa wa madereva kwa Jenson Button pamoja na ubingwa wa timu. Wafanyakazi, karakana na maarifa vilibaki. Kilichoondoka ni nembo. Na kikomo cha matumizi kilichotishiwa kana kwamba ni mwisho wa dunia? Kilianza kutumika mwaka 2021, cha dola milioni 145. Ferrari ingali uwanjani. Audi, iliyokuwa nje ya Formula One miaka yote hiyo, imeingia mwaka 2026.

Katika ubingwa wa dunia ambao Safari ni mojawapo ya duru zake, mambo yamekuwa hayo hayo. Subaru na Suzuki zilijitoa Desemba 2008 kwa sababu ya fedha. Volkswagen ilitwaa ubingwa miaka minne mfululizo kutoka 2013, ikaunda gari la kufuata kanuni mpya za 2017, kisha ikajitoa mwishoni mwa 2016 kabla gari hilo halijashindana hata siku moja. Kanuni haikuwa na kosa. Kampuni ilikuwa imenaswa katika kashfa ya moshi wa magari ya dizeli na ilihitaji fedha zake kwingine. Wakati huo wote wasimamizi walikuwa wakiyasikiliza kwa unyenyekevu mapendekezo ya viwanda kuhusu gari la mwaka unaofuata.

Msomaji wa Isukha au Idakho atalielewa jambo hili upesi kuliko mimi ninavyoweza kulieleza. Fahali wawili wanapokutanishwa, watu hutoka vijiji vyote, isukuti hulia, na mwenye fahali mashuhuri hutembea kifua mbele. Fikiria basi kwamba mwenye fahali huyo atangaze kuwa hatamleta tena ila uwanja uhamishiwe karibu na boma lake, na fahali wa jirani apunguziwe chakula kwa mwezi mzima. Wazee watamkubalia? Wakimkubalia mwaka huu, mwakani atadai nini? Na fahali mwenyewe akizeeka au akiuzwa, uwanja uliohamishwa utarudishwa na nani?

Uwanja wetu ulihamishwa. Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya 2002. Sababu zilikuwa kadhaa: fedha zilipungua, maandalizi yalilegea, na mtindo wetu wa barabara za umma haukulingana tena na mtindo mmoja ambao viwanda na televisheni vilitaka uwe katika kila nchi, wa hatua fupi zilizofungwa na kituo kimoja cha kutengenezea magari. Mwaka huo wa mwisho sehemu za mashindano zilikaribia kilometa 1,000. Iliporejea Juni 2021, baada ya janga la korona kuahirisha marejeo ya 2020, zilikuwa kama kilometa 320, karibu zote katika maeneo ya Naivasha na Elmenteita. Magharibi haimo, wala Pwani. Mwalimu wa Kakamega anayetaka wanafunzi wake waione Safari hana budi kukodi basi na kusafiri saa nyingi, na karo ya siku hizi sote twaijua.

Sisemi kwamba mabadiliko yote yalikuwa mabaya. Kufunga barabara kumeokoa roho. Siku za zamani timu tajiri zilirusha helikopta mbele ya magari yao kuwaonya madereva kuhusu ng'ombe na malori. Asiye na helikopta alimtegemea Mungu. Wala sidharau heshima tuliyopata dunia ilipoyaona tena mabonde yetu. Mwaka 2021 Sébastien Ogier alishinda, na Toyota ikachukua ushindi kila mwaka hadi 2025, mara nne za mwanzo zikigawanywa kati yake na Kalle Rovanperä, kisha Elfyn Evans. Watalii walikuja, hoteli zikajaa, mahindi ya kuchoma yakauzwa. Mwenye biashara ya Naivasha akiniambia kwamba nasema hivi kwa kuwa niko mbali, nitamwelewa.

Hata hivyo, ni nani aliyeiweka Safari hai kati ya 2003 na 2019? Toyota ya Japani na Ulaya haikuwapo. Ford, Subaru na Mitsubishi, waliokuwa wakitupigia honi kila mwaka, walikuwa kwingine. Safari ilikuwa duru ya ubingwa wa Afrika, ikiendeshwa na watu waliokuwa wakitengeneza magari yao katika gereji za humu nchini. Carl Tundo aliishinda mara tano kati ya 2004 na 2018. Baldev Chager akaishinda 2019. Walikuwapo waelekezi, makanika, wapima saa wa kujitolea na maafisa wa vituo waliosimama juani bila kamera ya nchi za nje kuwaangalia. FIA ilipokuja kututathmini, ilikuta kuna kitu cha kutathmini kwa sababu ya watu hao. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, lakini sisi tumemtunza zaidi mgeni.

Wapenzi wa soka wa hapa mjini watanikumbusha yaliyotokea mwaka 2017. Ligi kuu ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, SuperSport, iliyokuwa ikizionyesha mechi zetu kwa televisheni, ilivunja mkataba na kuondoka. Hapo pia wako waliosema ligi imezikwa. Vilabu viliumia kweli, na wachezaji wengine walikaa bila mishahara. Lakini mwaka 2022 Kakamega Homeboyz walimaliza ligi wakiwa na pointi sawa na Tusker, wakaukosa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu. Timu hiyo ya Bukhungu ilikuwapo kwa sababu ina mashabiki wanaoifuata kwa miguu. Ningetaka pia kusema kwamba upanuzi ule ulifanywa kwa ubabe na bila kuheshimu mkataba uliokuwapo, na siutetei. Kanuni inayobadilishwa kwa ubabe wa msimamizi haina heshima kuliko inayobadilishwa kwa vitisho vya tajiri.

Juzi nilisimamia mdahalo wa wanafunzi wa kidato cha tatu kuhusu jambo hili. Upande mmoja ulitetea haki ya viwanda kujitoa. Kijana mmoja alisema, na alisema vizuri, kwamba anayetoa fedha hawezi kunyimwa sauti, na kwamba hata baba hamlipii mtoto karo pasipo kuuliza anafundishwa nini. Nilimpongeza. Binti wa upande wa pili akamjibu kwa swali: je, baba huyo aruhusiwe pia kuutunga mtihani na kuusahihisha? Darasa likapiga meza. Sikuongeza neno, maana sikuona la kuongeza.

Swali hilo la mtihani ndilo ninalotaka liulizwe kuhusu kanuni za 2027. FIA ilizitangaza Desemba 2024. Magari ya daraja la juu yanayotumika tangu 2022 yalianza na injini mseto wa petroli na umeme, mitambo ya gharama kubwa mno, hata umeme huo ukaondolewa mwaka 2025. Kanuni mpya zinaweka kikomo cha bei ya gari: euro 345,000, ambazo ni kama shilingi milioni 50 za Kenya. Tena zinamruhusu hata mtengenezaji asiye kiwanda kikubwa kuunda gari lake na kushindana. Fedha hizo bado ni nyingi kwa mtu wa kawaida, na sitamdanganya mwanafunzi yeyote kwamba kesho ataunda gari la ubingwa wa dunia nyuma ya nyumba yao. Ila kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mlango umefunguliwa kidogo kwa asiye na jina kubwa. Ni mlango wa namna hii ambao huwakera wenye majina makubwa, na ni mlango wa namna hii ambao hufungwa kimyakimya katika mikutano ya marekebisho, baada ya simu moja au mbili kutoka makao makuu ya kampuni.

Tunayo sababu ya kuutetea. Mwaka 2022 vijana watatu wa Kenya, McRae Kimathi, Jeremiah Wahome na Hamza Anwar, walipewa magari ya Ford Fiesta ya daraja la chini, na Kimathi akashindana katika theluji ya Uswidi. Hawakuhitaji gari la mamilioni ya euro ili waonyeshe uwezo. Walihitaji daraja ambalo bei yake yaweza kulipwa na mfadhili wa Kiafrika. Pale Sigalagala, nje kidogo ya mji wetu, wamo vijana wanaosomea ufundi wa magari. Wanajua kufungua injini na kuifunga. Hawajui, wala hawajafundishwa, kwamba fani yao ina nafasi katika Safari, kwa kuwa makanika wa timu kubwa hushuka kwa ndege pamoja na vifaa vyao na kupanda ndege Jumatatu.

Hivyo basi, wawakilishi wetu watakapoketi na FIA na mwenye haki za mashindano kujadili mikataba ya miaka ijayo, nataka wapeleke mambo mawili mezani. La kwanza ni kwamba Kenya itasimama na kikomo cha bei hata kama kiwanda kimoja au viwili vitatishia kuondoka, na kwamba itasema hivyo hadharani, si kwa kunong'ona korido za hoteli. La pili ni kwamba sehemu ya fedha za umma zinazotengewa Safari itengewe duru za ubingwa wa kitaifa nje ya Bonde la Ufa, pamoja na nafasi za mafunzo kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi katika karakana za mashindano, zikiandikwa kwa idadi ndani ya mkataba. Nimesikia maafisa wakisema kwamba masharti kama hayo yatawafukuza wageni. Mwaka 2009 wageni walipewa kila walichokitaka, na Toyota ikafunga mlango wa Formula One kabla ya Krismasi.